Tuliomba Maji, Tukapewa Fulana

Mpendwa Kulwa, pacha wangu,

Hujambo huko Kamanga? Mfikishie shangazi shikamoo yangu, na umwambie goti langu limepona. Mimi ni mzima. Nasema mzima kwa maana ile ya kwenye salamu, kwa sababu kama ungekuwa hapa ungenitazama usoni mara moja na kusema, "Dotto, umenuna." Nimenuna kweli. Nimenuna tangu Alhamisi alfajiri, na nimeona nikuandikie wewe kabla sijamnunia mtu asiyestahili.

Barua hii si ya siri. Madamu Restituta, mlezi wa klabu yetu ya afya, ameniruhusu kuibandika kwenye ubao wa klabu karibu na maktaba, na nakala yake ndiyo itakayovuka ziwa kuja kwako. Alipoisoma mara ya kwanza aliniambia nipunguze hasira kidogo. Nimepunguza kidogo. Kama kuna mtu mwingine anayeisoma hapa ubaoni, aelewe kwamba ninaongea na pacha wangu, aliyehamishwa shule hii kwa sababu ya maneno aliyoyasema mbele ya watu wazima, na kwamba maneno hayo yalikuwa ya kweli.

Unakumbuka siku ya vidonge, tulipokuwa kidato cha kwanza? Wahudumu wa afya walikuja na mti mrefu wenye alama, wakausimamisha kwenye ukuta wa maabara, na kila mwanafunzi akapita chini yake kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani. Urefu wako ndio ulioamua umeze vidonge vingapi. Mimi na wewe tulipishana kidogo sana, nadhani ni nywele zako tu ambazo hazikuwa zimenyolewa vizuri, lakini ukaongezewa nusu kidonge, na siku nzima ulinisumbua ukijiita mkubwa aliyethibitishwa na serikali. Tulikuwa tumekunywa uji mzito kwanza, maana vidonge vile ukivimeza na njaa vinakutapisha. Hata hivyo wengine walitapika nyuma ya jiko. Vilikuwa vikubwa na vichungu, na uchungu wake ulikaa kooni hadi jioni.

Nesi mwenye miwani alitueleza kwa upole, kama mtu anayewaeleza watoto wake. Alisema kichocho kinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye magugu ya ufukweni, na wadudu wake wanaingia kwenye ngozi bila kubisha hodi. Alisema dawa inawaua waliomo mwilini lakini haiwazuii wengine kuingia. Kisha akamalizia kwamba tusiingie tena kwenye maji ya ziwa. Tuliitikia wote kwa pamoja, ndiyo nesi.

Kesho yake alfajiri filimbi ililia kama kawaida. Wasichana wa kidato cha kwanza na cha pili, ndoo mkononi, ziwani. Maji ya jiko, maji ya vyoo, maji ya nyumba za walimu. Njia ile unaijua kuliko mimi, inapita kati ya wanawake wanaoanika dagaa mchangani na kunguru wao, halafu inateremka kwenye mawe. Pale ukingoni maji yana tope, kwa hiyo ili upate ya kupikia lazima uingie hadi magotini, na wafupi hadi mapajani. Wewe uliweka ndoo yako chini mbele ya mwalimu wa zamu. Ulimwamkia kwanza, halafu ukamkumbusha alichosema nesi.

"Nesi ndiye atakayepika uji?" akakuuliza.

Mstari mzima ulicheka. Wewe hukucheka, na nilipokutazama niliona kwamba hukuwa umekasirika pia. Ulikuwa unafikiri. Njiani ukaniambia kwamba mwalimu alikuwa ameuliza swali la maana sana, ila alilielekeza kwa mtu asiyehusika. Bomba la shule lilikuwa kavu tangu kabla hatujafika. Tangi lilikuwapo, juu ya mnara wa mawe ambao baba yetu mwenyewe aliujenga kwa mikono yake ya fundi uashi, na hadi leo akipita na mgeni lazima auonyeshe kwa kidole. Mnara ulikuwa imara na tangi lilikuwa jipya. Maji ndiyo hayakuwapo. Mtu yeyote aliyesimama chini ya tangi lile aliliona ziwa lote, bluu hadi mwisho wa macho, na sisi tulikuwa tunalala na kiu ndani ya mandhari hiyo.

Wazo la kuyasema haya kwa ngonjera tulilipata Bujora, na ninataka wanaosoma hapa wajue kwamba lilikuwa wazo lako. Baba alitupeleka kutazama ngoma, msimu ule wa baada ya mavuno, vikundi viwili vinaposhindana katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Ulimuuliza mshindi anajulikanaje. Baba akakueleza kwamba hakuna jaji mwenye filimbi, mshindi ni yule anayewavuta watu. Ukiona uwanja umeinama upande mmoja, basi upande ule umeshinda. Tukiwa tunarudi, umebeba muwa wako, ukasema, "Dotto, hapa kwetu watu hawaji kwenye hoja. Wanakuja kwenye ngoma. Basi tuitie hoja ndani ya ngoma."

Niliona kama umegundua kitu kikubwa. Kwa wiki nyingi tulikaa kwenye yale mawe ya juu ya jiko, wewe unatunga, mimi nahesabu mizani kwa vidole. Wewe ulikuwa Mchotaji na mimi nilikuwa Ziwa, nimefungwa kitenge cha bluu cha mama, kile anachovaa akienda kuuza dagaa Igoma. Ubeti wa mwisho uliufuta na kuuandika upya hadi karatasi ikatoboka. Nauandika hapa kwa sababu siku ile hakuna aliyeusikia:

Ziwa liko mlangoni, na bomba letu li kavu,
Ndoo zi juu kichwani, miguu ina makovu,
Leo dawa mdomoni, kesho tena kwenye povu,
Wageni tuambieni, nani ana usikivu?

Mahafali yalipofika tulikuwa tumeiva. Turubai lilijaa, mgeni rasmi alikaa kwenye sofa lililofunikwa kitambaa cheupe, na chupa za maji ya kununua zilikuwa zimepangwa mbele yake na maua ya plastiki. Tulianza. Nakumbuka ulivyoingia na ndoo tupu kichwani bila kuishika, na kina mama wakapiga vigelegele kabla hujafungua mdomo. Ubeti wa kwanza walitulia. Ubeti wa pili mama mmoja wa mstari wa mbele alisimama, akaja akicheza taratibu, akakubandika noti kwenye paji la uso. Unajua kinachofuata kwetu mtu wa kwanza akishatunza. Wakaja wawili, wakaja kumi, wakapanga foleni, kina baba wakitikisa mabega, mgeni rasmi mwenyewe akainuka na msaidizi wake nyuma. Mshereheshaji akaona mambo yamekolea, akafungulia muziki. Wewe uliendelea kughani. Niliuona mdomo wako ukisema "nani ana usikivu" huku mtu akikuvisha taji la maua ya karatasi hadi masikioni.

Uwanja wote ulikuwa umeinama upande wetu, Kulwa. Tulishinda kabisa, na hakuna aliyetusikia.

Hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa ndefu na yenye furaha. Alisema amepokea risala, alisema shule yetu ina vipaji vya hali ya juu, alisema amesikitika kuona wasanii wazuri namna ile wamevaa vitenge visivyofanana. Kwa hiyo yeye binafsi atatoa fulana za kikundi. Watu walipiga makofi, na kiranja mkuu akashukuru kwa niaba yetu. Na jambo ambalo lilinikera kuliko yote ni kwamba alitimiza. Fulana zilikuja. Za kijani, kitambaa kizuri, zimeandikwa mgongoni "Sauti ya Vijana". Tulizivaa kwenda ziwani, kwa sababu sare zilikuwa zinalowa.

Ulikuwa na haki ya kuacha hapo. Mimi ningeacha. Lakini ndiyo kwanza ulisema kosa lilikuwa letu, kwamba tulikuwa tumelipamba jambo mno, na kwamba mara ya pili tutalisema likiwa uchi.

Mkutano wa wazazi sitausimulia sana, maana wewe ndiwe uliyesimama na mimi nilikuwa dirishani tu na wenzetu. Walikuwa wanazungumzia sare na nidhamu. Uliingia, ukawaamkia wote, ukaomba dakika mbili. Ulisema bomba ni kavu, kwa hiyo tunameza dawa na kurudi majini. Ulisema tumbo lako linauma tangu mwezi wa pili. Ulisema ulikuwa unapata choo chenye damu, na kwamba hauko peke yako, na kwamba wasichana wengine wanaogopa kusema. Ulitaka kuendelea lakini mwenyekiti alikuwa ameshainua mkono. Alisema mtoto mwenye malezi hazungumzi habari za chooni mbele ya baba zake. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amekaa karibu na ukuta, ameinama, anaangalia viatu vyake kama mtu aliyeangusha kitu.

Jioni ile hakukupiga wala hakukufokea, na ninajua ungependa angekufokea. Alisema tu kwamba mtoto wa kike akishajulikana kwa mdomo, hata akisema ukweli haununuliki. Alisema pia kwamba umesema bomba kavu mbele ya watu wote, na watu wote wanajua nani alijenga mnara. Shuleni nako wakakupa jina, Diwani wa Choo. Wavulana wa kidato cha nne walikuwa wanasimama wima ukipita na kusema, "Mheshimiwa diwani, karibu ukague." Wewe uliwajibu mara moja tu, kwamba choo chao ndicho kilichokuwa kwenye ratiba ya kesho, basi wakakisafishe. Nilicheka nikiwa nalia.

Halafu muhula ukafungwa na baba akaamua ukakae kwa shangazi Kamanga, usome upande wa Sengerema, "akatulie kidogo." Tulikusindikiza kivukoni. Magari yaliingia kwanza, halafu watu. Mama alikuwa anakushikisha mfuko wa karanga na kukuambia mambo kumi kwa pamoja, usilale bila chandarua, usimjibu shangazi, usioge ziwani. Uliposikia hilo la mwisho uligeuka ukanitazama, tukacheka wote wawili, na mama hakuelewa tunacheka nini. Huko kwa shangazi kuna kisima cha pampu. Nilikuonea wivu kwa ajili hiyo, na bado nakuonea. Kumbe ndiyo adhabu yako, kupewa maji.

Sasa nikusimulie Ijumaa.

Wageni wa wilaya walikuja kuzindua vyumba viwili vya madarasa. Madamu Restituta aliniita akasema wanataka ile ngonjera "iliyopendwa sana", na kwamba nafasi yako nimpe Minza, yule mwembamba wa kidato cha kwanza anayetoka Igoma, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Risala ilikuwa imeshaandikwa na walimu. Nilipewa niisome kwanza. Habari ya maji ilikuwa mstari mmoja, karibu na mwisho, "changamoto ndogo ndogo za maji." Nilimuuliza Madamu kama ningeweza kuondoa neno ndogo. Akasema moja au yote mawili? Nikasema yote mawili. Akatabasamu, lakini alisema karatasi imeshapita kwa mkuu.

Basi nikaongea na wenzangu mle bwenini. Nilisema ngonjera ya Kulwa ni nzuri na ndiyo shida yake. Tukighani, watatutunza, na wakishatutunza wanajiona wametujibu. Minza akauliza, kwani mtu anaweza kukataa kutunzwa? Hakuna aliyewahi kuona. Mmoja akasema ni sawa na kukataa mkono wa mtu anayekusalimia. Tukabishana, na mwisho tukakubaliana kwamba tutaighani yote hadi ubeti wako wa mwisho, na kwamba yeyote akija na noti tutarudisha mikono nyuma na kuinamisha kichwa kwa heshima. Hatutapokea hadi tujibiwe.

Ilikuwa ngumu kuliko nilivyofikiri, Kulwa. Aliyeinuka kwanza alikuwa mama mtu mzima, wa makamo ya bibi yetu, anacheza vizuri, anacheka kwa macho. Alifika mbele ya Minza na Minza akarudisha mikono nyuma. Yule mama akadhani ni aibu ya mtoto, akampelekea noti kwenye paji la uso, na Minza akarudi nyuma hatua moja. Nilisikia watu wakiguna. Mama yule alibaki na mkono wake hewani na sikujua nimtazame vipi, kwa sababu hakuwa na kosa lolote, alikuwa ametupenda tu. Mshereheshaji akawahi kwenye muziki. Nikamkimbilia nikamwomba azime, nikashika kipaza sauti. 

Nilisema, "Shikamooni. Tunawaheshimu, ndiyo maana hatupokei. Tunaomba jibu kwanza. Ni lini tutaacha kuchota maji ziwani?"

Hapakuwa na vigelegele. Mkuu wa shule alikuwa anaangalia mbele kama mtu anayepigwa picha. Mgeni rasmi wa siku hiyo alimgeukia, akamuuliza kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti cha meza kuu kilikuwa wazi, na turubai zima lilisikia.

"Ni kweli wanachota ziwani?"

Mkuu akasema, "Ni kweli, mheshimiwa."

Nadhani hayo ndiyo maneno mawili ambayo ulikuwa unayatafuta mwaka mzima. Natamani ungekuwapo kuyasikia. Mgeni akasema jambo hilo ni zito, atalisimamia, na ndani ya wiki tutaona hatua. Tukashukuru, tukapiga magoti kidogo, yule mama wa kwanza akamfuata Minza pembeni na kumshika shavu badala ya kumpa noti. Nililala usiku ule nikiwa na furaha ambayo sitaki kuikumbuka.

Kwa sababu hatua ilikuja, na hatua ndiyo hii. Jumatano gari lilishusha mafundi wawili na mfuko wa simenti. Walishuka hadi ufukweni, pale pale tunapochotea, wakachimba, wakasimamisha nguzo mbili na bati lililopakwa rangi nyeupe. Maandishi mekundu yanasema: MARUFUKU KUINGIA ZIWANI. KICHOCHO KINAUA. Wakapiga picha mbele ya bango, wakaondoka. Alhamisi alfajiri filimbi ikalia. Wasichana, ndoo, ziwani.

Kulwa, tulichota maji tukiwa tumesimama chini ya bango. Nguzo zake tunazitumia kushikilia tusiteleze. Kuna mmoja wetu alitundika kandambili zake juu ya bati.

Sijui kama unaweza kuelewa hasira ya namna hii ukiwa mbali. Wangetupuuza, ningeielewa. Lakini walitusikia. Walisikia kila neno. Walisikia kwamba ziwa linatuumiza, na wakatuambia sisi tuache kuumia. Kila mara watu wazima wanatuambia paza sauti, sema usiogope, ninyi ni viongozi wa leo na kesho. Tukisema, wanatusifia kwa namna tulivyosema. Tukisema tena, wanatukataza kufanya kile tulichowaambia wanatulazimisha kufanya. Nimekaa nikijiuliza kama kuna namna ya tatu ya kusema ambayo hatujaifikia, au kama tatizo halikuwa sauti zetu tangu mwanzo. Mkuu aliniita ofisini. Hakunipa adhabu. Aliniambia tu nifikirie, akiwasimamisha wasichana wasiende ziwani, wanafunzi mia kadhaa watakula nini mchana, na nilipotoka nilijua kwamba na yeye amekuwa akiulizwa swali hilo bila mtu wa kumjibu. Hiyo haikunipunguzia hasira. Ilinifanya nikose pa kuiweka.

Jana Jumamosi nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa amesikia kuhusu bango. Kumbe alikuwa ameshateremka mwenyewe kuliangalia, na nilidhani atasema nguzo hazikuzikwa vizuri, maana ndivyo alivyo. Tulipokuwa tunakula, mama akiwa anamenya mihogo ya kesho, akaniuliza ghafla Kulwa alisema nini hasa siku ile ya mkutano. Nikasema, baba, ulikuwapo. Akasema alikuwapo lakini hakusikia. Alisikia tu watu wakinyamaza.

Basi nikamwambia. Nilisema yote, kwa mpangilio wako, pamoja na tumbo, pamoja na mwezi wa pili, pamoja na damu. Nilisema na yale ambayo mwenyekiti hakukuacha uyaseme, kwa sababu ulikuwa umenifanyia mazoezi kwenye mawe, kwamba ulikuwa unaficha nguo zako za ndani ili mama asione. Mama aliacha kumenya. Baba hakuangalia viatu. Aliniangalia mimi hadi mwisho, nadhani ni mara ya kwanza mtu mzima kunisikiliza bila kusubiri zamu yake ya kusema.

Kisha akasema, "Hakusema uongo."

Akauliza kama huko Kamanga ulipimwa. Nikasema shangazi alikupeleka ukapewa dawa na umepona, na kwamba nilidhani anajua. Akasema hakuwa anajua. Halafu akasema Jumamosi ijayo kuna mkutano wa wazazi, na kwamba atavuka Ijumaa na kivuko cha asubuhi kukufuata.

Ninajua unafikiri niliruka kwa furaha. Sikuruka. Nilikasirika upya. Umekuwa huko unaosha sufuria za shangazi tangu muhula uliopita ili baba afike kwenye maneno mawili. Nilitaka kumuuliza kwa nini ilihitajika bango. Sikumuuliza, kwa sababu alikuwa amejifuta uso kwa mkono uliokuwa na ugali, na hakujua.

Kwa hiyo Ijumaa atakuja. Usimfanye aombe radhi mlangoni mwa shangazi, mwamkie tu, mpe kiti. Atakuambia anataka useme tena mkutanoni na kwamba atakaa kiti cha jirani yako. Hilo ndilo alilosema, kiti cha jirani, si nyuma. Mimi sikuahidi kwamba utakubali. Nilimwambia akuulize mwenyewe. Una haki ya kukataa. Una kisima, una shule mpya, na huko hakuna anayekuita diwani. Na siwezi kukudanganya kwamba ukija watatuletea maji bombani Jumatatu. Huenda watatuletea bango la pili.

Lakini nikueleze jambo moja la jioni hii, ambalo naliongeza kwenye nakala yako tu, si ya ubaoni, halafu nifunge. Nimerudi shuleni, tumeteremka kuchota maji ya usiku, na Minza alikuwa mbele yangu amekunja sketi, bado hajaingia. Akaniuliza, dada Dotto, kwani yule pacha wako alifukuzwa kwa sababu aliongea? Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikasema alihamishwa, ndiyo, kwa sababu aliongea. Akaingia majini, akajaza ndoo, akatoka. Akasema tumbo lake na lenyewe linauma, tangu mwezi uliopita, na kuna mambo mengine hataki kuyasema hapa mbele za watu. Akauliza kama kwenye huo mkutano mtu anaweza kusema akiwa amekaa.

Nilimwambia nitakuuliza wewe.

Wako aliyezaliwa nyuma yako,
pacha wako,
Dotto